Maswali na majibu: Haki za Katiba zilitufikiaje?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: haki zilizoandikwa kwenye Katiba zina nguvu gani, na zilifikaje humo? Nimeyafupisha maswali, na msomaji alipotaja jina la mtu au la kituo cha polisi nimeliondoa. Nazungumzia Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, yenye sura yake ya haki. Ndugu zetu wa Visiwani watanisamehe kwa kutoigusa leo.

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Uraia alisema haki za msingi tulizipata siku ya uhuru, 1961. Kitabu kimoja kinasema 1984. Kwenye mtihani niandike ipi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tabora)

Marahaba, mwanangu. Andika 1984.

Katiba ya Uhuru haikuwa na Hati ya Haki, yaani orodha ya haki za msingi ndani ya Katiba yenyewe. Kenya na Uganda zilijitawala zikiwa nayo, lakini viongozi wa TANU waliikataa. Walisema taifa bado changa, lina haraka ya maendeleo, na majaji wengi ni wageni ambao wangeweza kuitumia hati hiyo kuikwamisha Serikali. Hoja hiyo ya majaji ilikuwa na uzito wake. Ila hata mwaka haukuisha: Septemba 1962 Bunge likapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumfungia mtu bila kesi, na amri yake isihojiwe mahakamani. Raia aliyefungiwa hivyo hakuwa na ibara hata moja ya kushika mkononi.

Suala likarudi mbele ya tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja. Hati ikakataliwa tena, na mahali pake tukapewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi 1966. Ilipokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma na kupeleka taarifa kwa Rais, lakini haikuwa na uwezo wa kufuta sheria. Katiba ya 1977 nayo ikapita bila hati.

Mlango ulifunguka 1983, Halmashauri Kuu ya CCM ilipotoa mapendekezo ya kubadili Katiba na kuwataka wananchi wayajadili. Hati ya Haki haikuwemo katika mapendekezo hayo. Watu ndio walioidai, Bara na Visiwani, na wanasheria wakiwemo. Mabadiliko ya Tano ya 1984 yakaiingiza, ikaanza kutumika Machi 1985, na papo hapo ikawekewa kufuli: kwa miaka mitatu hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kupinga sheria mahakamani, ili Serikali ipate nafasi ya kusafisha sheria zake. Kufuli liliondoka Machi 1988, na sheria hazikuwa zimesafishwa. Mtahini atakuuliza 1984, lakini mimi nauhesabu zaidi mwaka 1988.

Mzee, hizi haki si mambo ya Wazungu? Babu zetu waliishi vizuri bila hayo. (Fundi magari, Mwanza)

Kaka, kwenye maandishi hukukosea sana. Mwaka 1215 makabaila wa Uingereza walimbana Mfalme John mpaka akakubali hati ya Magna Carta, na kifungu chake cha 39 kilisema mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali. Angalia hayo maneno "mtu huru". Wakulima wengi wa Kiingereza wakati ule hawakuwa watu huru, kwa hiyo ilikuwa haki ya mabwana. Wafaransa nao walitangaza 1789 kwamba watu huzaliwa huru, huku mashamba yao ya miwa kule Saint-Domingue yakilimwa na watumwa. Na Tamko la Haki za Binadamu lilipopitishwa Desemba 1948, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, Mwingereza ndiye akiitawala.

Sasa tazama yaliyofuata hapa kwetu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Wameru wakamtuma Kirilo Japhet, na 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kumshtaki mtawala kwa maneno ya haki ambayo mtawala mwenyewe alikuwa ameyakubali. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Lakini mtu anayetumia hoja namna hiyo huwezi kusema kaazima, kaifanya yake.

Tena hati yetu haikunakiliwa yote Ulaya. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu ulipitishwa Nairobi 1981, Tanzania ikauridhia 1984, mwaka uleule wa mabadiliko. Ndiyo maana Katiba yetu ina haki na wajibu pamoja: ibara ya 25 mpaka ya 28 zinadai ufanye kazi, utii sheria, ulinde mali ya umma na uilinde nchi. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliueleza uhusiano huo 1991, katika kesi ya Daudi Pete, ambapo Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichomnyima mshtakiwa huyo dhamana.

Kuhusu babu zetu kuishi vizuri, soma swali linalofuata, kisha ukawaulize bibi zetu.

Baba aliniachia kibanja kwa wosia wa maandishi. Baba wadogo wanasema mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Kweli? (Mama wa watoto wawili, Bukoba)

Dada yangu, swali lako limeshajibiwa mahakamani, na aliyelipeleka huko alitoka mkoa wako huohuo.

Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, Agosti 1988 aliiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo kudai mauzo yafutwe. Alitegemea kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, zinazosema mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote ila hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, mama akaamriwa arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikageuza uamuzi, ikitaja Hati ya Haki. Zingatia tarehe: kufuli la miaka mitatu lilikuwa limeondoka miezi michache tu kabla ya mauzo. Angeuza miaka miwili nyuma, mambo yangekuwa mengine.

Shauri likapanda Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Februari 1990 akaamua kwamba kanuni ile ni ubaguzi unaokatazwa na ibara ya 13, na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Hapo ndipo ndugu wengi hupitiwa: jaji hakuufuta ukoo. Bernardo alipewa miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kulipa zile 300,000, vinginevyo inabaki kwa mnunuzi. Ukoo una nafasi ya kukomboa, kama ambavyo ungekuwa nayo angeuza mwanamume.

Kwa hiyo wosia utunze, na hukumu ya Ephrahim dhidi ya Pastory uwe na nakala yake. Inazifunga mahakama za mwanzo na za wilaya. Nakusisitizia hilo kwa sababu kanuni za 1963 hazijafutwa vitabuni, na wapo wanaozitoa mezani kana kwamba hukumu hiyo haijawahi kuandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo iko upande wako: mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu.

Mdogo wangu alishikiliwa kituoni siku tatu bila kupelekwa mahakamani. Katiba si inasema saa 24? (Machinga, Kariakoo)

Pole sana. Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo inayoyataja hayo masaa, katika ibara ya 49. Yetu, ibara ya 15, inasema tu kwamba mtu asikamatwe wala kufungwa ila kwa mujibu wa sheria. Saa 24 zimo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, ambayo pia inaweka saa nne za msingi za kumhoji mtu, na kuongeza kuna utaratibu wake. Makosa mazito yana masharti mengine. Ikitokea tena, andika saa aliyokamatwa na jina la kituo, uombe dhamana ya polisi, ambayo hailipiwi hata senti, hata kama mtu atakuambia "changamka", yaani utoe chochote. Wakikaa kimya, wakili anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele ya jaji.

Elimu na matibabu ni haki ya Katiba? (Mwenyekiti wa kitongoji, Dodoma)

Ibara ya 11 inaitaja elimu, lakini imo kwenye sehemu ya malengo ya Taifa, na ibara ya 7 inasema wazi kwamba sehemu hiyo haitekelezwi na mahakama yoyote. Wakenya waliyaweka haya ndani ya haki zao, ibara ya 43. Sisi bado.

Niko Muscat kwa kazi. Nikichukua uraia wa nchi nyingine, haki zangu za Tanzania zinakwisha? (Mtanzania, Oman)

Fungua Katiba uone palipoandikwa "kila mtu" na palipoandikwa "raia". Kuishi, kusikilizwa mahakamani, kutoa maoni ni vya kila mtu, hutavipoteza ukishuka uwanja wa ndege. Kupiga kura na kushiriki utawala ni vya raia, navyo vitakutoka, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kabla ya kula kiapo cha nchi nyingine, fikiria pia ardhi yako ya huku nyumbani.

Nikiona sheria inavunja Katiba, naweza kwenda mahakamani hata kama haijanigusa mimi? (Mkulima, Songea)

Ibara ya 26(2) inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba. Mchungaji Christopher Mtikila aliichukua kama ilivyoandikwa. Alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, kupinga mambo mengi kwa mpigo, yakiwemo kuomba kibali cha polisi kabla ya mkutano wa hadhara na marufuku ya mgombea binafsi. Jaji Lugakingira alikubali kwamba raia anaweza kusimama kwa maslahi ya umma. Kibali kikafa, ikabaki kutoa taarifa, ingawa mikutano ya vyama ilipozuiwa 2016 ilibidi kungoja mpaka Januari 2023. Kuhusu mgombea binafsi, Bunge liliwahi kubadili Katiba kuziba njia, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la wanasiasa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Arusha, 2013 ikampa Mtikila ushindi ambao mpaka leo hauonekani kwenye karatasi ya kura.

Utaratibu wa kufungua mashauri haya uliwekwa na sheria ya 1994, na kwa kawaida husikilizwa na majaji watatu. Mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti la kiapo kinachoonyesha ulivyoathirika wewe binafsi. Mimi sioni sharti hilo linavyokaa pamoja na maneno "kila mtu". Nalo lenyewe limepingwa mahakamani, kwa hiyo kabla hujalipia ada muulize wakili limefikia wapi. Likiwa bado linakubana, mtafute jirani ambaye sheria hiyo imemgusa kweli, afungue yeye, nawe uwe shahidi wake.