Kwa mnaoanza kubuni vifaa vya kuzungumza na watoto kuhusu mwili

Ndugu zangu mnaoingia kwenye kazi hii, nianze na kosa lililotugharimu miezi saba. Tulitengeneza programu ya simu yenye katuni nzuri: kubalehe, hedhi, ndoto nyevu, mimba inavyotungwa, namna ya kukataa kuguswa. Wazazi wa Mbagala waliisifu. Tulipokwenda majumbani kuangalia inavyotumika, tukamwona mama anafungua katuni, anamkabidhi binti simu, kisha anatoka kwenda kutazama maharage jikoni. Binti akaangalia mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema asante. Hakuna aliyetamka neno jingine. Tulikuwa tumempa mzazi njia mpya ya kukwepa.

Tangu siku ile tukawa na swali moja: nani atafungua mdomo kwanza, na atasema nini?

Mkienda kwa wazazi, msiulize kama huwa wanazungumza na watoto wao mambo haya. Wote watasema ndiyo. Mzazi aliyekaa mbele ya mgeni mwenye daftari hulinda heshima yake, na ni haki yake. Ulizeni mara ya mwisho ilikuwa lini, walikuwa wamekaa wapi, nani alianza, kwa maneno gani. Hapo tuligundua kwamba "nimeshazungumza naye", kwa nyumba nyingi, ni sentensi moja iliyosemwa siku binti alipovunja ungo: "Sasa umekuwa mkubwa, ukicheza na wavulana utapata mimba." Binti mmoja wa darasa la sita alituambia kuwa baada ya kuambiwa hivyo alikuwa anasimama kwenye daladala njia nzima, akiogopa kukaa siti moja na mvulana. Usiku ule nililia. Mama yake alimpenda sana, ila na yeye hakuwa na sentensi ya pili ya kumpa.

Mtakuja pia na takwimu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Iandikeni kwenye maombi ya fedha. Sebuleni kwa mtu, namba hiyo husikika kama lawama, na mlango hufungwa.

Wengi wenu mtachora baba, mama na mtoto wameketi mezani wanaongea. Picha hiyo iacheni. Kwetu kuna haya kati ya mzazi na mtoto, na haya hiyo ni sehemu ya heshima. Kufunda ilikuwa kazi ya wengine: somo, kungwi, shangazi, bibi. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, alijulikana kwa ngoma ya unyago kama alivyojulikana kwa taarabu. Mjini mnyororo huo umekatika. Shangazi yuko Mtwara, bibi yuko Lushoto, na mama ameachiwa kazi ambayo mama yake mwenyewe hakumfanyia. Tulipoitupa programu tuligeukia kadi za maswali. Za mwanzo ziliandikwa "Msomee mwanao", zikalala kabatini. Tulipoandika "Mpe mtu anayetaniana naye", zikaanza kutembea. Bibi anayemwita mjukuu wake "mume wangu" ana mlango ambao mama hana. Bibi wa Lushoto alisomewa kadi kwa simu, akajibu maswali ya wajukuu watatu kwa mkupuo.

Lakini msiuchukue unyago mzima mzima. Mafunzo yale mara nyingi huja kwa mara moja, binti akishavunja ungo, na mengine humwandaa kwa ndoa angali mtoto wa shule. Tulimwomba kungwi mmoja mzee apitie kadi zetu, maana namna yake ya kusema mambo mazito bila kumvunjia mtu heshima hatukuwa nayo. Aliondoa kadi tatu. Mbili alikuwa na haki. Ya tatu ilimhusu ndugu wa ndani ya ukoo anayemgusa mtoto. Hiyo tuliirudisha, na tulibishana naye mchana kutwa.

Maneno ndiyo yatakayowachosha kuliko yote. Chapeni rasimu, mpeni mzazi asome kwa sauti, nyie sikilizeni tu. Wekeni alama anapopunguza sauti, anaporuka neno, anaposema "nanihii". Akina mama waliruka neno "uke" hata tulipokuwa wanawake watupu chumbani. Basi tukaandika "sehemu za siri" kila mahali, na hilo likawa kosa la pili. Mtoto anayejua jina la nyumbani tu, akimwambia mwalimu "anko amenishika kuku wangu", mwalimu anaweza kufikiri ni kuku wa bandani. Mtoto anahitaji neno ambalo daktari na polisi watalielewa mara moja. Mwongozo wa elimu ya jinsia wa UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, uliorekebishwa mwaka 2018 unaanza na watoto wa miaka 5, na wazazi wakiusikia umri huo hushtuka. Waonyesheni kuwa katika umri huo mtoto hufundishwa mambo kama majina ya viungo vyake na kwamba mwili ni wake. Kadi yetu sasa huuliza kwanza, "Nyumbani kwenu mnapaitaje?" Chini yake kuna jina la vitabuni. Familia husema lao, hucheka, ndipo husoma letu.

Msaada mwingine ulitoka nisikotarajia. Mwalimu wa madrasa aliyepitia rasimu alisema yeye hufundisha hukumu za hedhi na janaba kila mwaka, bila kupepesa macho. Lugha ya staha ilikuwapo siku zote, sisi hatukuwa tumekwenda kuiuliza. Nendeni kwake na kwa mchungaji kabla hamjachora chochote.

Kuhusu umbo nitakuwa mfupi. Kadi zetu za kwanza zilifanana na karata, na mzee mmoja akasema karata haziingii nyumbani kwake. Tukazifanya za mraba. Jalada lisiwe na mwili mtupu, la sivyo boksi litafichwa juu ya kabati kila mgeni anapobisha hodi. Na kama bado mnataka ujumbe wa simu, kumbukeni nyumba yenye simu moja, simu hiyo ya baba, na meseji ya hedhi ya binti inayoingia akiwa kijiweni.

Akina baba walitusumbua. "Hayo ya mama yake," walisema. Kilichowafungua ni kadi tuliyoigeuza, mtoto akawa ndiye anayeuliza: "Wewe ulipobalehe, nani alikuambia?" Baba mmoja, fundi pikipiki, alinyamaza kwanza. Kisha akamweleza mwanawe kwamba alipoota ndoto nyevu mara ya kwanza alidhani ameugua, akaamka usiku kufua shuka kisimani ili kaka zake wasimwone. Mvulana akauliza, "Kwa hiyo si ugonjwa?" Mikono yao yote minne ilikuwa kwenye mnyororo wa pikipiki, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Tokea hapo hatubuni tena mazungumzo ya kukaa ana kwa ana. Swali liwe fupi, mtu alibebe kichwani mpaka wakati wa kusukana nywele, kuchambua mchele, au kutembea kutoka sokoni. Au lishikizeni kwenye tukio ambalo tayari limefika nyumbani. Chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni kuanzia miaka 9. Siku binti anaporudi shuleni kachanjwa, swali limeshajileta lenyewe.

Sasa jambo ambalo kama hamjajiandaa nalo, msianze kazi hii kabisa. Mkiweka mbele ya watoto kadi inayouliza kama kuna mtu amewahi kuwagusa vibaya, siku moja mtoto atajibu ndiyo. Kwetu ilitokea kwenye nyumba ya nne, mbele ya bibi yake. Msaidizi wetu hakujua afanye nini, akasoma kadi inayofuata. Tulirudi jioni ile ile pamoja na afisa ustawi wa jamii, lakini saa zile za katikati mtoto alizibeba peke yake, na lawama ni yangu niliyemtuma kijana yule bila kumfundisha. Kabla ya kupiga hodi popote, mjue afisa ustawi wa jamii ni nani na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko kituo gani. Nendeni wawili wawili. Mtoto akisema, mwambieni: "Asante kwa kuniambia. Wewe huna kosa." Msimhoji kwa undani, msimwahidi kuwa itabaki siri. Namba 116, simu ya mtoto ambayo haina malipo Tanzania na Kenya, ichapeni nyuma ya kila kadi, kwa sababu kijikaratasi cha maelezo hupotea siku ya kwanza.

Vibali msivichukulie kama usumbufu. Mwenyekiti wa mtaa akijua mnachofanya, atawatetea siku uvumi utakapoanza kuwa mnafundisha watoto uchafu, na utaanza. Sauti za watoto mlizorekodi ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andikeni mnachohitaji, kisha zifuteni.

Mwisho, msihesabu boksi mlizogawa. Baada ya wiki mbili pigeni simu jioni, watu wakishamaliza kula, mwulize swali moja: mazungumzo ya pili yalikuwapo, na nani aliyaanza? Yule mama wa maharage, tuliyemrudia na kadi baada ya kuitupa ile programu, alinijibu kwa sauti ya chini kidogo, nadhani binti alikuwa karibu: "Aliyaanza yeye. Nilikuwa naosha vyombo, akachukua kitambaa akawa anafuta, akaniuliza."