Dogo, hilo gogo bichi usiliguse

Acha kwanza. Umeuliza chuo cha uchongaji Ujerumani, bei unapangaje, halafu katikati umechomeka eti una gogo la mpingo limekatwa mwezi jana unataka uchonge ujamaa, kile kinyago cha watu waliobebana, chap ukauze huko. Chai imenipalia.

Mimi kanifunda babu, Mmakonde wa Mueda, Msumbiji, aliyevuka mto Ruvuma kuja kwenye kibarua cha mkonge. Mwaka mzima nilishika msasa tu, wa pili ndo akanipa tezo. Basi nikajiona fundi. 2008 natua Hamburg na vinyago 11, vyote mti mbichi, maana mbichi patasi inaingia yenyewe, mkavu unakula makali balaa. Dalali mmoja hapo Dar, simtaji ila Mungu anamjua, kaniambia "Wazungu hawaangalii hayo, piga kiwi ya viatu ing'ae". Yeye kala chake kabla sijapanda ndege. Nikapiga kiwi. Kichwa maji mimi.

Februari, hita inawaka usiku kucha, hewa ndani kavu hadi midomo inachanika. Nimelala nasikia TA! nikajua mwizi. Kumbe ujamaa wangu wa watu 14, umepasuka kutoka kwa bibi wa chini mpaka kisogo cha mtoto wa juu, ufa unaingiza sarafu ya yuro. Kufika asubuhi vinne vingine. Mteja aliyenunua kimoja naye katuma picha, anataka hela yake, yuro 600, nikazilipa kwa kuosha masufuria mgahawani miezi 5. Mchonga vinyago vya mashetani mzima nasugua ukoko! Angalau maji yalikuwa ya moto.

Ishu ni kwamba mti mbichi nje kunakauka kunasinyaa, ndani bado kuna maji, lazima upasuke. Paka nta kwenye ncha mbili, weka kivulini, nunua mzani. Kila mwezi pima uandike. Gogo likiwa bado linapungua uzito USICHONGE, hata ikifika miaka. Na asikudanganye mtu upime kwa kuzamisha majini, mpingo hata mkavu unazama.

Tena gogo zima huvuki nalo bila vibali, mpingo uko CITES, ule mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya miti na wanyama walio hatarini, tangu 2017.

Ya chuo watakujibu wengine. We nambie, gogo lako leo lina kilo ngapi?