Jibu: Naweza kukataa chanjo ya mafua na bado niende wodini?

Mdogo wangu, kama mwanafunzi unayeenda mazoezi hospitalini, kukataa unaweza. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda dhamiri yako, na hakuna atakayekudunga kwa nguvu. Lakini kifungu cha 24 kinaruhusu haki kama hiyo iwekewe mipaka kisheria, na hospitali ina wagonjwa wa kulinda. Soma tena ile fomu uliyotia sahihi ulipojiunga na chuo.

Unasema shangazi yako alichanjwa akaugua mafua. Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua. Mkono utauma, pengine na homa kidogo. Ila kinga huchukua wiki 2 hivi kujengeka, na katikati hapo unaweza kuambukizwa kwenye matatu yoyote ya Thika Road.

Kinachonisumbua mimi ni wodi ya watoto. Walio chini ya miezi 6 hawachanjwi mafua kabisa, na wewe unaweza kuwaambukiza siku moja kabla hujapiga chafya.

Kama uliwahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiyo, hilo ni jambo jingine: peleka barua ya daktari mapema. Na chanjo ya homa ya ini B usiiache, dozi ni 3.