Usibadilishe nywila kwenye kompyuta usiyoiamini

SWALI: Mhariri, wiki mbili sasa kivinjari kwenye kompyuta yetu ya nyumbani kinafungua ukurasa wa utafutaji nisioujua. Nikirekebisha, kesho yake umerudi. Je, tumewekewa programu ya kijasusi? Nimeshaanza kubadilisha nywila zote.

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali acha kwanza kubadilisha nywila kwenye kompyuta hiyo. Kama kuna programu inayonasa kila herufi unayobonyeza, nywila mpya unamkabidhi jasusi kwa mkono wako. Tumia kifaa kingine kilicho safi, uanze na barua pepe, kwa kuwa kupitia hiyo mtu anaweza kurejesha akaunti zako nyingine zote. Kisha chagua kuondoka kwenye vifaa vyote: aliyeiba kuki za kivinjari (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia) anaweza kubaki ndani ya akaunti bila kuhitaji nywila.

Ukurasa unaorudi ni dalili ya kutiliwa maanani. Wasomaji wengi hutuandikia kwamba kompyuta imekuwa nzito, lakini uzito huletwa hata na diski iliyojaa, na programu ya kijasusi iliyotengenezwa vizuri haitoi kishindo. Kinachorudi baada ya kufutwa kina mahali kinapoamkia. Hapo ndipo pa kutafuta.

Fungua viendelezi vya kivinjari, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani yake. Kwenye Chrome andika chrome://extensions. Ondoa usichokitambua, hasa chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, maana hicho huona hata unachojaza kwenye fomu ya benki. Kikigoma kuondoka, na kivinjari kinasema kinasimamiwa na shirika ilhali kompyuta ni yako, huenda kuna programu iliyoweka sera, yaani amri ya msimamizi, ndani ya Windows ili kukilinda.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Task Manager, uingie sehemu ya Startup, yenye orodha ya programu zinazojiwasha kompyuta inapowaka. Bofya kwa kitufe cha kulia jina unalolitilia shaka, ufungue folda yake. Jina peke yake halitoshi: svchost.exe halisi, ambayo ni programu ya Windows yenyewe, hukaa C:\Windows\System32 au SysWOW64. Ukiikuta kwenye Temp au Downloads, hiyo ni bandia.

Sasa hifadhi kazi zako, uingie Windows Security, uchague ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Kompyuta itajizima na kuwaka, na ukaguzi utachukua kama dakika 15. Nguvu yake ni kwamba hufanyika kabla Windows haijaamka, kwa hiyo jasusi naye bado amelala. Ukurasa ukirudi hata baada ya hapo, nakili picha na nyaraka tu, usibebe faili za usakinishaji, kisha sakinisha Windows upya.

SWALI: Nikiweka antivairasi mbili, si nitakuwa salama zaidi?

JIBU: Hapana. Zikilinda kwa wakati mmoja hugombania faili zilezile, na kompyuta hukwama. Kinga iliyo bora ni akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku; ya msimamizi iwe ya kusakinisha tu. Unaposakinisha programu ya bure, chagua njia ya Custom, uondoe alama kwenye nyongeza zote. Na programu yoyote iliyonakiliwa bila leseni inayokutaka uzime antivairasi kwanza, ifute kabla hujaifungua.