Kabla ya kumtaja mdudu, uliza ametoka wapi

Wadogo zangu mnaoanza fildi kwenye maabara ya bakteria hapa Dodoma, majina marefu mtayakariri tu, hilo halinitii wasiwasi. Kinachowaangusha wengi ni kusahau kuuliza sampuli imetoka wapi, na imefikaje.

Wiki yangu ya tatu nilisoma pleti, kile kisahani cha kuoteshea bakteria, ya mkojo wa mama mmoja. Ilijaa makoloni, yaani vishada vya bakteria, ya kila aina. Nikaandika bakteria watatu, kichwa juu. Msimamizi akaniuliza kwa upole, "Ulichukuliwa saa ngapi?" Fomu ilisema saa mbili asubuhi. Mimi niliuotesha saa nane mchana, na muda wote huo kopo lilikuwa dirishani, mwezi wa Oktoba. Jua letu mnalijua. Bakteria kama E. coli akipata joto na chakula huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Tukamwomba mama alete mwingine; huo haukuotesha kitu. Mkojo uoteshwe ndani ya saa 2, la sivyo uwekwe kwenye friji.

Na maelezo mpeni mgonjwa kwa lugha yake. Mzee mmoja kutoka Chamwino niliyemwambia alete "mkojo wa katikati" alijaza kopo nusu kamili, akanionesha kwa kidole: "Si hapa katikati, mjukuu wangu?" Tangu siku hiyo nasema: jisafishe, anza kukojoa chooni, kisha kinga unaofuata.

E. coli huyohuyo ni mwenyeji halali wa utumbo. Akihamia kwenye kibofu ndipo anakuwa mwizi, na ndiye anayeongoza kwa UTI. Kwenye ngozi mwenyeji ni Staphylococcus epidermidis. Ukimkuta kwenye chupa moja tu ya damu kati ya mbili, mara nyingi ni ngozi haikusafishwa vizuri kabla ya kuchoma sindano. Ila mgonjwa akiwa na mpira kwenye mshipa au vali bandia ya moyo, usimpuuze, mpigie daktari. Ndugu yake, Staphylococcus aureus, hukaa puani mwa karibu watu 3 kati ya 10 bila kuwadhuru, lakini kwenye usaha wa jipu huyo ndiye mtuhumiwa wa kwanza.

Kooni kuna msongamano kama stendi, kwa hiyo tafuta Streptococcus pyogenes, bakteria wa maumivu ya koo, wengine waache. Macho ya trakoma, ambayo Kongwa wanaijua kwa miaka mingi, msipoteze pleti: bakteria wake, Chlamydia, huishi ndani ya seli, haoti kwenye aga, ile jeli ya pleti.

Maji ya uti wa mgongo hayana mwenyeji kabisa. Bakteria yeyote humo ni wa kushtukia, hata akiwa mmoja kwenye hadubini. Hayo msiyaweke kwenye friji kama mkojo, maana meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, hufa kwa baridi. Acheni chai, yapokeeni mlangoni, na majibu ya Gramu, ile rangi ya kuwaonea bakteria kwenye hadubini, pigeni simu wodini kabla hamjajaza daftari.