Kwa nini Albatross ilikuwa na rafadha mbili

Umeuliza kwa nini Albatross, meli ya utafiti wa samaki ya Marekani ya 1882, ilipewa rafadha mbili (panga zinazozunguka majini kuisukuma meli) badala ya moja. Sababu kubwa ni kazi yenyewe. Ukipima kina cha bahari kwa waya wenye uzito, waya lazima ushuke wima. Meli ikisukumwa na upepo au mkondo, waya unalala na kipimo kinakuwa cha uongo. Kwa rafadha mbili, nahodha anaweza kupeleka moja mbele na nyingine nyuma, akaigeuza meli karibu palepale na kuiweka juu ya waya wake. Hata wavu wa kukokota chini ya bahari unataka udhibiti huohuo.

Matanga ilikuwa nayo pia, maana injini za wakati ule zilikula makaa mengi mno.

Ile iliyoitangulia, Fish Hawk, ilikuwa kitu kingine kabisa: kituo cha kutotolea mayai ya samaki kinachoelea, chenye kina kifupi ili kiingie mitoni. Haikufaa kwa bahari kuu.

Mimi kinachonivutia zaidi ni taa za umeme za Albatross. Taa nyingine ilizamishwa majini usiku kuvuta viumbe.