Swali: Kukesha na ndugu usiku wa Idi, na kumshukuru jirani Mkristo

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni mama wa Kirumba, Mwanza, nauza dagaa soko la Mwaloni. Kila Idi ndugu zangu huvuka kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na magunia yao ya machungwa. Tukishaswali na kula, usiku tunakaa uani tunazungumza mpaka saa sita. Kwangu hakuna saa ninazomshukuru Mwenyezi Mungu kama hizo. Idi hii mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo, alitukatiza. Alisema Mtume (s.a.w.) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Tena akanilaumu kwa kumshukuru mbele ya wageni jirani yangu Mkristo, ambaye alinimenyea vitunguu saumu hadi usiku na asubuhi akanishikia watoto nikaenda kuswali. Anasema shukrani ni za Allah peke yake. Je, nimekosea?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Hujakosea, dada yangu. Idi ijayo kaeni.

Huyo kijana hakuzua. Hadithi ya sahaba Abu Barza (r.a.) imo katika Bukhari na Muslim: Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanazuoni wakaeleza kwamba anayekesha kwa porojo huenda Alfajiri ikampita amelala. Lakini Imamu Bukhari huyohuyo, katika kitabu cha nyakati za swala, ameweka mlango wa mazungumzo ya usiku pamoja na mgeni na watu wa nyumbani. Humo akaleta kisa cha Abu Bakr (r.a.), aliyepeleka nyumbani kwake wageni watatu katika mafukara wa msikitini, kisha yeye akabaki kwa Mtume. Aliporudi usiku umekwenda sana, mkewe akamuuliza kilichomweka mbali na wageni wake. Kumbe wamegoma kula mpaka mwenye nyumba afike! Akaghadhibika, wakasemeshana, hatimaye wakala. Kila tonge waliloinua, chakula kikaongezeka chini yake. Wakashiba, na kilichobaki kikawa kingi kuliko cha mwanzo. Yote hayo ni baada ya Isha, katika nyumba ya mtu bora wa umma huu baada ya Mtume wake. Na Ibn Abbas (r.a.), alipolala kwa mama yake mdogo Maymuna, alimsikia Mtume mwenyewe akizungumza na mkewe kitambo kabla ya kulala.

Kwa hiyo angalieni Alfajiri isiwapite, na angalieni mnazungumza nini. Hili la pili ndilo linalonitia hofu zaidi. Baraza la ndugu huanza vizuri: marehemu babu na mtumbwi wake, nani kaoa, nani kajifungua. Halafu saa nne ikipita, inaletwa habari ya yule ambaye hakutoa mchango wa msiba, na ya shamba lililouzwa kimyakimya. Hapo mnakula nyama ya ndugu yenu, kama ilivyo katika Suratul Hujurat. Wewe mwenye nyumba una haki ya kugeuza maneno. Muulize mzee wenu mkubwa Idi za utoto wake kisiwani zilikuwaje, wadogo wasikie. Na yule ambaye hakuja, mpigie simu palepale, muwekeni sauti ya wazi, kila mtu amsalimie. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye udugu ukikatwa, yeye huunga.

Kuhusu jirani yako, Mtume (s.a.w.) amesema: "Hamshukuru Mwenyezi Mungu asiyewashukuru watu." Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi, na neno ni "watu", halikusema Waislamu tu. Tazama alivyomtendea Mut'im bin Adiy, mkubwa mmoja wa Makureshi. Mtume aliporudi kutoka Taif, amepigwa mawe na kufukuzwa, ni Mut'im aliyempa ulinzi akaingia Makka. Mut'im alikufa hajasilimu. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Mtume akiwa na mateka wa Kikureshi mikononi, alisema lau Mut'im angekuwa hai akamwombea hao, angemwachia wote. Mtu ameshakufa, hana tena cha kumpa wala cha kumzuilia, na bado wema wake unatajwa hadharani.

Sasa wewe umemshukuru mwanamke aliyelala na harufu ya saumu mikononi ili wageni wako wale pilau. Ungenyamaza ndipo ningekulaumu. Mpelekee na machungwa, na watoto wako wakuone ukimpelekea.

Kijana usimfokee. Kupenda Sunna ni neema, nanyi mnapomshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili ya jamaa zenu, yeye naye ni katika hao. Mpe kisa cha Abu Bakr, na Idi ijayo mwambie akisome yeye hapo uani, wote mkiwa mmekaa.

Wallahu aalam.